Mashine ya tatuu inapogoma: Waya huchunguzwa kabla ya skrubu

Mashine ya kuchorea tatuu inapoanza kukoroma, kukatika-katika au kuzimika ghafla katikati ya kazi, wachoraji wengi hukimbilia kuongeza volti. Kitufe cha kisanduku cha umeme huzungushwa kidogo, mashine ikanguruma tena na mchoro ukaendelea kana kwamba hapakuwa na tatizo lolote.

Hapo ndipo hatari huanza. Mashine yenye hitilafu ikiongezewa umeme haiponi, bali hupiga kwa nguvu zaidi na bila mpangilio. Sindano ambayo inastahili kuingia kwenye ngozi kwa kina cha milimita 1 hadi 2 hivi hupenya zaidi ya hapo, damu hutoka kwa wingi, wino husambaa chini ya ngozi, na mstari uliokusudiwa kuwa mwembamba ukageuka kuwa wingu la buluu lisilofutika. Ngozi iliyochanwa namna hiyo huacha kovu, na kadiri damu inavyomwagika ndivyo uwezekano wa kuambukizana maradhi unavyoongezeka.

La kushangaza ni kwamba kiini cha yote haya kwa kawaida huwa kitu kidogo mno: waya uliokatika ndani ya mpira wake, skrubu iliyolegea, au masizi yaliyojikusanya mahali ambapo umeme hupitia. Fundi mwenye uzoefu huanza kuitafuta hitilafu ukutani, kwenye soketi, kisha akaifuata njia ya umeme hatua kwa hatua hadi kwenye sindano. Anayeanza kwa kukaza na kulegeza skrubu za mashine huishia kuwa na matatizo mawili badala ya moja, kwa sababu mashine iliyokuwa imerekebishwa vyema sasa imevurugwa ilhali waya mbovu bado uko pale pale.

NDUGU YA KENGELE

Mashine inayozungumziwa hapa ni ile ya koili mbili, yenye kunguruma kama nyuki, ambayo ndiyo iliyotawala kazi hii kwa zaidi ya karne moja na ambayo bado hutumiwa na wachoraji wengi licha ya kuja kwa mashine za mota.

Aliyesoma fizikia katika shule ya upili atakumbuka kengele ya umeme. Mkondo wa umeme hupita kwenye koili zilizozungushiwa chuma, chuma kikageuka sumaku na kukivuta kipande kingine cha chuma kilichoshikizwa kwa springi. Kipande hicho kinapovutwa, huachana na skrubu iliyokuwa ikikipa umeme, mkondo ukakatika, sumaku ikaisha nguvu, na springi ikakirudisha kipande hicho juu mahali pake. Kinapofika juu hugusana tena na skrubu, na mzunguko huanza upya.

Mashine ya tatuu ni kengele hiyo hiyo, ila badala ya kugonga kikombe cha shaba, kile kipande cha chuma, ambacho hapa kitaitwa nyundo, husukuma ufito mwembamba wenye sindano ncha ya chini. Ufito huo hupita ndani ya mrija anaoushika mchoraji. Tendo hilo hurudiwa mara 80 hadi 130 hivi kwa kila sekunde, kutegemea kama mashine imetengenezwa kwa ajili ya kuchora mistari au kwa ajili ya kujaza kivuli na rangi.

Asili ya chombo hiki ni kifaa cha ofisini. Mnamo 1876 mvumbuzi Thomas Edison alipata hataza ya kalamu ya umeme iliyotoboa vijishimo kwenye karatasi ili kutoa nakala za maandishi. Miaka 15 baadaye, tarehe 8 Desemba 1891, mchoraji wa tatuu wa New York kwa jina Samuel O'Reilly alipata hataza ya mashine iliyotumia wazo hilo kutoboa ngozi. Charlie Wagner, pia wa New York, alipata hataza yake mnamo 1904, naye Percy Waters akapata yake mnamo 1929 kwa mashine ambayo umbo lake halikutofautiana sana na zile za koili zinazouzwa hadi leo. Kabla ya hapo kazi yote ilifanywa kwa mkono, kama walivyofanya Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, ambao baadhi ya wazao wao wanaishi pwani ya Kenya, waliojulikana kwa chale zao za usoni.

Kwa kuwa mpangilio wake ni sahili kiasi hicho, hakuna hitilafu ya mashine ya koili isiyoweza kuelezwa. Ama umeme haufiki, ama unafika lakini haukatiki inavyopasa, au kuna kitu kinachozuia nyundo au sindano kusogea kwa uhuru.

SINDANO HUTOLEWA KWANZA

Kabla ya bisibisi kuguswa, mashine huondolewa mbali na mteja na jeraha lake hufunikwa kwa kitambaa safi. Mashine haijaribiwi juu ya ngozi ya mtu. Jambo hili lingeonekana kuwa wazi kwa kila mmoja, lakini ndilo linalokiukwa mara nyingi zaidi, kwani mchoraji mwenye haraka hubonyeza pedali mara mbili tatu huku sindano ikiwa bado kwenye mstari, akitumai kuwa itaamka.

Sindano iliyokwisha kutumika hutolewa na kutupwa kwenye sanduku gumu la vitu vyenye ncha kali, wala hairudishwi hata kama mashine imetengenezwa kwa dakika mbili. Glavu zenye damu huvuliwa na mpya kuvaliwa, ili damu isipakwe kwenye skrubu, nyaya na kisanduku cha umeme ambavyo vitashikwa tena na tena.

Tahadhari hii ina sababu. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi, hata kwenye damu iliyokauka isiyoonekana kwa urahisi. Chanjo ya ugonjwa huo iliingizwa katika ratiba ya kawaida ya watoto wachanga nchini Kenya mnamo 2001, hivyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Homa ya ini aina ya C nayo haina chanjo kabisa. Fundi au mchoraji anayedungwa na sindano iliyotumika anapaswa kupaosha mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, bila kupakamua, kisha afike hospitalini mara moja. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi huanzishwa kabla ya saa 72 kupita, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora.

Ajali nyingi za aina hiyo hutokea wakati wa kuvuta sindano iliyokwama ndani ya mrija. Ikikwama, haivutwi kwa vidole kutoka mbele. Mrija hulegezwa na kuondolewa pamoja na sindano yake, ncha ikielekezwa chini na mbali na mkono.

Upande wa umeme, mashine yenyewe hupokea umeme mdogo wa mkondo mnyoofu, kwa kawaida kati ya volti 6 na 9, ambao haumdhuru mtu. Kisanduku kinachoutoa ndicho chenye volti 240 za ukutani ndani yake. Kisanduku hicho hakifunguliwi na mtu asiye fundi wa umeme, hata kikiwa kimechomolewa, kwa kuwa kapasita zilizo ndani huweza kubaki na chaji.

MASHINE IMEKUFA KABISA

Pedali inakanyagwa na hakuna kinachotokea. Je, soketi ina umeme? Taa ya kisanduku inawaka? Kama kisanduku kina dirisha la namba, volti zinaonekana? Inapotokea umeme wa mtaani unapungua na kupanda, baadhi ya visanduku hujifunga ili kujikinga, na kinachohitajika ni kukizima, kusubiri kidogo na kukiwasha tena.

Iwapo kisanduku ni kizima, hatua inayofuata ni pedali na waya wake, kisha waya unaotoka kwenye kisanduku hadi kwenye mashine, ambao una vibanio viwili vya springi mwishoni. Nyaya hizi mbili ndizo zinazoharibika mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote, na si ajabu, kwa maana pedali hukanyagwa na kukokotwa sakafuni siku nzima, nao waya wa mashine hupindwa upande huu na ule kila mkono wa mchoraji unapogeuka. Waya hukatika ndani ilhali mpira wa nje unaonekana mzima.

Mbinu ya kuubaini ni rahisi. Pedali hukanyagwa na kushikiliwa huku mtu mwingine akiutikisa waya polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Mashine ikistuka na kunguruma kwa nukta moja kisha ikanyamaza, mahali palipotikiswa ndipo penye kasoro. Studio yenye waya wa akiba na mashine nyingine humaliza jambo hili haraka zaidi: mashine nzima ikifungwa kwenye waya unaotiliwa shaka na ikakataa, waya ndio mbovu. Waya uliofungwa kwa utepe si waya uliotengenezwa. Hukatwa, ukalehemiwa upya au ukatupwa.

Ikithibitika kwamba umeme unafika hadi kwenye vibanio, sasa ndipo mashine yenyewe inapochunguzwa. Vijishimo ambamo vibanio huingia hujaa uchafu na mafuta. Husafishwa kwa kipande cha pamba chenye spiriti. Sehemu zilizolehemiwa nyuma ya mashine huvutwa kidogo kwa kibano ili kuona kama kuna unywele wa waya ulioachana na risasi yake. Mtetemo wa mara 100 kwa sekunde hauna huruma kwa kazi ya kulehemu iliyofanywa ovyo.

Baada ya hapo kipimaumeme huhitajika. Kile cha bei nafuu kinachouzwa kwenye maduka ya elektroniki kama yale ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi kinatosha. Mashine ikiwa imechomolewa, kipande cha karatasi kavu huwekwa kati ya skrubu ya juu na springi ya mbele ili zisigusane, kisha ncha mbili za waya wa koili zikapimwa. Koili mbili zilizounganishwa pamoja kwa kawaida huonyesha omu 2 hadi 3 hivi. Kipimo kikikataa kusoma, waya wa koili umekatika, mara nyingi pale unapoungana na waya mwenzake kati ya koili mbili, na huweza kulehemiwa. Kikisoma karibu na sufuri, basi kuna shoti, ama ndani ya koili ama kwenye kapasita.

NYUNDO IMEVUTWA IKAGANDA

Kuna hitilafu moja inayowatatiza wanaoanza kazi hii. Pedali inapokanyagwa, nyundo hushuka kwa kishindo kimoja na kubaki chini, bila kurudi juu, hadi mguu unapoondolewa. Umeme upo, tena mwingi, lakini haukatiki.

Sababu ya kwanza ni skrubu ya mguso kuteremshwa kupita kiasi, hivi kwamba springi ya mbele haiachani nayo hata nyundo inapokuwa chini kabisa. Skrubu ikirudishwa juu kwa robo mzunguko, mashine huamka.

Sababu ya pili hujificha. Nguzo inayoishika skrubu hiyo haifai kugusana na fremu ya chuma. Hutenganishwa nayo kwa washa na mrija mdogo wa plastiki au faiba. Nguzo ikikazwa kwa nguvu nyingi, washa hupasuka, na umeme ukapata njia ya mkato kupitia kwenye fremu. Kipimaumeme kikiwekwa kati ya nguzo na fremu, huku ile karatasi ikiwa bado mahali pake, hakifai kuonyesha mawasiliano yoyote. Kikionyesha, washa hubadilishwa. Ni kipande cha bei ndogo sana, na mashine nyingi nzuri zimetupwa kwa ajili yake.

INANGURUMA LAKINI HAINA NGUVU

Malalamiko ya kawaida zaidi si mashine iliyokufa bali mashine iliyo hai nusu. Hunguruma, lakini wino hauingii ngozini, au huingia hapa na kuruka pale, na mchoraji analazimika kupita mahali pamoja mara tatu.

Jaribio lenye faida kubwa kuliko yote hapa ni kuondoa sindano, mrija na mipira, kisha kuiendesha mashine ikiwa tupu. Ikinguruma vyema kwa sauti moja isiyobadilika, hitilafu haiko kwenye umeme wala kwenye springi, na skrubu yoyote isiguswe. Iko kwenye vile vilivyoondolewa. Ikiwa bado inakohoa ikiwa tupu, hapo ndipo sehemu ya juu ya mashine huchunguzwa.

Kwanza kabisa ni mguso wenyewe, pale ncha ya skrubu inapokutana na springi. Cheche ndogo hutokea mahali hapo kila mara umeme unapokatika, na baada ya muda hupachimba na kupaachia masizi meusi yasiyopitisha umeme vizuri. Ncha ya skrubu husuguliwa kwa msasa laini mno hadi ing'ae, na springi vivyo hivyo, kisha vumbi likafutwa kwa spiriti. Hili likifanywa mara kwa mara, matatizo mengi hayazuki kamwe.

Halafu ni nafasi. Nyundo hubonyezwa kwa kidole hadi iguse koili ya mbele, na pengo linalobaki kati ya ncha ya skrubu na springi hupimwa. Kwa mashine ya mistari, pengo la karibu milimita 1.5 hutosha, kwa mashine ya kivuli na rangi, karibu milimita 2. Wachoraji wa Marekani wana desturi ya kupima kwa sarafu zao, ile ya senti 10 yenye unene wa milimita 1.35 na ile ya senti 5 yenye milimita 1.95. Asiye na sarafu hizo anaweza kutumia geji ya makanika, ile ya kupimia nafasi ya plagi za gari, na kwa hakika atapata kipimo sahihi zaidi. Pengo dogo huipa mashine kasi lakini pigo fupi. Pengo kubwa huipa pigo refu na kasi pungufu. Hakuna sababu ya kubishana kuhusu nambari moja iliyo bora kwa wote, kwani mkono wa mchoraji, ukubwa wa sindano na ugumu wa springi vyote huchangia.

Springi zenyewe huchoka. Chuma kinachopindwa mara mamia ya maelfu kwa siku hulegea na mwishowe hupata ufa, hasa kando ya shimo la skrubu au mahali kilipopindwa. Ufa huo ni mwembamba kama unywele na huonekana kwa kioo cha kukuzia. Ishara yake ni mashine ambayo hurekebishwa asubuhi ikakubali, na kufikia mchana imeharibika tena. Springi iliyopasuka haipindwi upya wala hailehemiwi. Hubadilishwa, na ni busara kubadilisha zote mbili pamoja, ya mbele na ya nyuma, kwa kuwa umri wao ni mmoja.

Koili nazo huweza kulegea kwenye fremu. Skrubu zinazozishikilia huwa chini ya mashine, mahali ambapo macho hayafiki, na zikilegea mashine hutoa mlio wa kugongana kwa vyuma ambao hudhaniwa kuwa ni wa springi. Aidha, nyundo inafaa kukaa sambamba na koili na kushuka katikati yake. Ikikaa upande, husugua, hupasha moto na hupoteza nguvu bure.

CHECHE ZA BULUU

Cheche ndogo iliyofifia kwenye mguso ni jambo la kawaida. Lakini zikiwa kubwa, za buluu, zenye harufu ya kuungua, na ncha ya skrubu ikawa inachimbika siku baada ya siku, basi kapasita imekufa.

Kazi ya kapasita ni kuipokea nguvu inayobaki kwenye koili kila mkondo unapokatwa ghafla, ili isiruke hewani kama cheche. Kwenye mashine nyingi huwa ni ile ndogo ya duara, yenye thamani ya maikrofaradi 22 kwa mashine ya mistari na 47 kwa mashine ya kivuli, ikiwa na uwezo wa volti 35 hivi. Ikikatika ndani, cheche huongezeka na mlio wa mashine ukawa wa kukwaruza. Ikipata shoti, umeme huzikwepa koili na kisanduku hujizima mara tu pedali inapokanyagwa.

Fundi yeyote wa redio anaweza kuibadilisha kwa muda mfupi. La kuzingatia tu ni kwamba ina upande chanya na upande hasi, na alama ya hasi huchapishwa ubavuni. Ya zamani ichorwe au ipigwe picha kabla ya kutolewa. Ikigeuzwa hupata moto, huvimba na huweza kupasuka.

Kuhusu joto kwa jumla, koili kuwa na uvuguvugu baada ya saa moja ya kazi si kasoro. Koili isiyoshikika kwa mkono ni kasoro, na harufu ya vanishi inayoungua humaanisha kwamba nyaya zake zimeanza kugusana. Koili kama hiyo haina tiba nyingine ila kubadilishwa.

MRIJA, MIPIRA NA SINDANO

Iwapo mashine ilinguruma vyema ikiwa tupu, basi mtuhumiwa yumo miongoni mwa vitu vidogo vya mbele.

Mipira myembamba, kama ile ya kufungia noti, huzungushwa kwenye mashine ili kuushikilia ufito wa sindano usichezecheze. Mmoja au miwili hutosha. Wako wanaofunga minne na mitano wakidhani kwamba wanaituliza sindano, kumbe wameifunga nyundo pingu, na hapo ndipo volti huongezwa ili kushindana na mipira! Kwa upande mwingine, mpira ukikosekana, sindano huyumba ndani ya mdomo wa mrija na mistari hutoka ikiwa na mikunjo.

Kijipete cha mpira kinachoshikilia kichwa cha ufito kwenye nyundo huliwa na kuwa kipana. Kikishakuwa hivyo, nyundo hupiga kwanza hewa kabla ya kuusukuma ufito, na pigo hupungua. Dalili yake ni mlio wa tik-tik unaokoma ufito unaposhikwa kwa kidole.

Sindano huachwa itokeze nje ya mdomo wa mrija, nyundo ikiwa imebonyezwa chini, kwa takribani milimita 2. Ikitokeza mno, hutoka mbali na wino ulio kwenye mrija na kufika ngozini ikiwa kavu, licha ya kuwa rahisi kuzama kupita kiasi. Ikitokeza kidogo mno, mdomo wa mrija husugua ngozi na wino hutapakaa juu bila kuingia. Mdomo wa mrija ukiwa na ukubwa usiolingana na kundi la sindano, wino hutema matone. Wino uliokauka ndani yake pia huleta balaa hiyo hiyo.

Hatimaye ni ncha yenyewe. Sindano mpya huweza kutoka kiwandani ikiwa na ndoano ndogo nchani, au ikapindika inapoingizwa kwenye mrija wa chuma kwa pupa. Kioo cha kukuzia huonyesha ndoano hiyo mara moja. Sindano ya aina hiyo haichori, hurarua. Hainyooshwi wala hainolewi, na haijalishi kwamba ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwenye pakiti.

Mirija ya chuma hurudi kazini baada tu ya kusuguliwa, kuoshwa na kuwekwa ndani ya otoklevu, ambako mvuke wenye shinikizo hufikia nyuzi 121 za Selsiasi kwa muda usiopungua dakika 15, au nyuzi 134 kwa dakika 3. Kuchemsha kwenye sufuria hakutoshi. Mashine yenyewe, yaani koili na nyaya zake, haiingizwi humo wala haitumbukizwi kwenye dawa ya klorini, ambayo hula springi na risasi ya kulehemu. Hufutwa kwa dawa ya kuulia viini na kufunikwa kwa mfuko wa plastiki wakati wa kazi.

MASHINE ZA MOTA

Mashine za mota, pamoja na zile zenye umbo la kalamu nene, hazina springi wala mguso, hivyo nusu ya yaliyoelezwa hapo juu hayazihusu. Utaratibu wa kufuata umeme kutoka ukutani haubadiliki. Plagi yake ya duara ndiyo hulegea kwanza. Zile za betri hupungua kasi kabla ya kuzimika, na mchoraji asiyetazama kiasi cha chaji hulaumu sindano.

Mota inayokwaruza ina beringi iliyokauka au iliyoingiwa na wino. Wino huingia pale utando wa mpira ulio ndani ya kasha la sindano unapopasuka, jambo ambalo ni zito kuliko kuharibika kwa mota, kwa maana wino huo umechanganyika na damu. Kalamu iliyoingiwa hivyo hufunguliwa, ikasafishwa na kuuliwa viini kabla ya mteja mwingine, na makasha ya aina iliyopasuka yasinunuliwe tena. Zile mashine za kujiundia kwa mota ya kinasa sauti na uzi wa gitaa, zinazoonekana kwenye baadhi ya vibanda, hazina utando wowote na hakuna njia ya kuzisafisha. Hazitengenezwi.

BAADA YA MATENGENEZO

Mashine iliyotengenezwa huendeshwa ikiwa tupu kwa dakika 10 hivi kuanzia volti za chini. Ile ya koili iliyo nzima huanza kunguruma bila kusukumwa kwa kidole, na mlio wake haubadiliki waya unapogeuzwa. Ikihitaji volti nyingi zaidi kuliko ilivyokuwa ikitumia mwezi uliopita kwa sindano zile zile, bado kuna jambo halijapatikana, na uchunguzi hurudiwa kutoka kwenye soketi.

Kisha sindano mpya hufungwa na mstari ukachorwa kwenye ganda la ndizi, chungwa au ngozi bandia ya mazoezi. Ganda la ndizi ni mwalimu mkali: mashine inayopiga kupita kiasi huligeuza uji, na inayoruka huacha nukta badala ya mstari. Volti zilizotumika, pengo na aina ya springi huandikwa kwenye daftari, ili siku mashine itakapobadilika, mchoraji awe na cha kulinganishia.

Fremu iliyopasuka, koili iliyoungua na nyundo iliyopinda zikipatikana kwenye mashine moja, hakuna haja ya kuendelea. Skrubu, nguzo na vibanio vyake huhifadhiwa kwenye kopo kama vipuri vya mashine nyingine, na iliyobaki ikapelekwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu.